Mabaharia Waliolala Kwetu

Jumanne, 5 Mei

Nimeshona magauni ya kwaya mpaka shingo imekataa kugeuka. Bado mawili. Mvua tangu asubuhi. Soko la Kamembe ni matope matupu, wateja hakuna. Rafiki yangu Zawadi, tunayemwita Maman Zawadi kwa heshima, amerudi mapema kutoka Bukavu, ng'ambo ya mpaka, dagaa zake za sambaza zimelowa. Tumezitandaza jikoni karibu na moto. Nyumba nzima inanuka samaki. Deo, mume wangu, analalamika. Atazila hata hivyo.

Wanasema udongo umeporomoka kule msituni Nyungwe. Barabara imefungwa. Mabasi ya Kigali hayaendi.

Jumatano, 6 Mei

Nimepita gare ya mabasi nikienda kununua uzi. Vijana wa kikosi cha majini wamejaa pale. Wamemaliza mafunzo yao ya kwanza ziwani, wamepewa likizo wakaone wazazi kabla ya kupangiwa kazi. Barabara imewanasa hapa. Sare mpya kabisa, bado zina mikunjo. Mabegi wameyapanga mstari mmoja kama vile kuna mkubwa anawatazama. Watoto tu. Mmoja ana chunusi paji zima la uso.

Watu wa Kamembe wamenishangaza. Muuza mandazi amewagawia beseni zima. Mzee aliyetoka Nzahaha kuuza ndizi ameukata mkungu wake akaanza kuwapa bure. Madereva wa moto, zile pikipiki, wanawabeba bila nauli hadi kanisani, mchungaji amewafungulia ukumbi. Mimi nimemnunulia mmoja chai. Nilijisikia vizuri. Niandike ukweli: vizuri sana. Nimerudi nyumbani nikitembea kama mtu aliyesifiwa.

Jioni Deo akaja na habari. Ukumbi umejaa, mchungaji anaomba kila nyumba ipokee wawili. Deo ameshakubali. Hakuniuliza. Maman Zawadi ndiyo kabisa, hata hakumfikiria.

Amesahauje? Zawadi anaishi chumba chetu cha nyuma kwa sababu ya Bahati. Mwanawe wa pekee. Vita vilipofika mtaani kwao, watu wenye sare walimchukua. Sare za nani, hajui hadi leo, wamepita wa kila aina. Bahati hakurudi. Ndipo Zawadi akavuka mpaka akaja kwangu. Tulikua pamoja Bukavu, kabla familia yetu haijarudi Rwanda. Ni zaidi ya dada.

Nimemwambia mwenyewe. Alikuwa anageuza samaki. Mkono haukusimama. Ameuliza tu watafika lini. Nikasema kesho. Akaingia chumbani kwake, akafunga.

Alhamisi, 7 Mei

Wamefika. Eric na Thierry. Thierry hasemi, analala tu, kama mtu anayelipa deni la usingizi la mwaka mzima. Eric ni yule wa chunusi. Ametoka Gicumbi, milimani. Anasema kabla ya mafunzo hakuwahi kuingia maji yaliyopita magoti. Kiswahili chake amekipata huko kambini, kwa hiyo kinatoka kama amri. Ameniomba maji hivyo, kisha akaisikia sauti yake mwenyewe, akainama, akayaomba upya taratibu. Nimecheka sana.

Halafu nikakumbuka kuna mtu nyuma ya ukuta ananisikia nikicheka.

Zawadi hakula nasi. Nimemwekea sahani mlangoni. Jioni ilikuwa pale pale, ugali umekauka.

Nina hasira. Kwa Deo. Kwa Zawadi pia, Mungu anisamehe. Wavulana hawa hawajamfanyia lolote. Najua hilo halimsaidii. Nyumba ni yangu na ninatembea ndani yake kama mwizi.

Ijumaa, 8 Mei

Asubuhi jua lilitoka. Nikataka kuwafulia sare, Eric akakataa, akafua mwenyewe. Akazianika kwenye kamba ya nyuma. Mbele ya mlango wa Zawadi. Hakujua. Mimi nilijua, nikaona, nikaenda sokoni.

Niliporudi mchana, shati lilikuwa matopeni. Limekanyagwa, alama za kandambili zinaonekana wazi. Zawadi amekaa kizingitini, mikono imejaa matope. Hajaribu kuificha.

Nilishikwa na woga. Lile ni shati la jeshi. Zawadi ni mgeni, anaishi hapa kwa karatasi ya mpaka. Eric akisema neno moja tu kwa wakubwa wake, mwanamke huyu ataulizwa maswali, nasi pia. Nilikuwa nainama kuliokota nilichovye ndooni, Eric akatokea.

Ameangalia shati. Ameangalia mikono ya Zawadi. Kisha akanigeukia mimi.

"Upepo, Mama."

Hapakuwa na upepo. Majani ya mgomba yalikuwa yametulia kabisa. Akalichukua shati, akachuchumaa kwenye ndoo, akaanza kulifua tena.

Zawadi akasimama. "Hakuna upepo. Ni miye."

"Najua, Mama," akasema, bila kuacha kufua.

Nilidhani yameishia hapo. Zawadi akamsogelea. Sijawahi kumsikia akitumia sauti ile, ya chini, kama anayeulizia njia.

"Bakikutuma ukamate mutoto wa muntu ku nyumba yake, utamukamata?"

Eric akainuka, shati linachuruzika maji kwenye miguu yake. Nilitaka aseme hapana. Neno moja tu, sote tukale. Hakulisema. Alikamua ukosi wa shati, akaukamua tena, mpaka nikaanza kumchukia kidogo.

"Sijui, Mama," akasema. "Tumefundishwa kuogelea, kuendesha boti, kutii. Hilo hawakutuuliza. Nikikuambia hapana, nitakuwa nakudanganya."

Zawadi hakulia, wala hakumlaani. Alimweleza habari za Bahati. Jina lake lote. Kwamba alitoka kwenda kuchaji simu kwa jirani. Kwamba alikuwa mvivu wa kuoga, mwepesi wa kucheka. Amemweleza mambo ambayo mimi, rafiki yake wa utotoni, sikuyajua. Eric alisikiliza amesimama wima, mikono ubavuni, kama yuko gwarideni. Hakusema pole. Mwishoni alilirudia jina, polepole, kama anayehakikisha amelishika sawasawa.

Zawadi akaingia ndani. Eric akaanika shati upande wa barabarani.

Nimemweleza Deo. Amekaa muda mrefu akijishika kichwa.

Jumapili, 10 Mei

Barabara imefunguliwa. Gare ilifurika watu. Miwa, ndizi, mahindi ya kuchoma, kila kijana alijaziwa mikono. Kwaya iliimba, imevaa magauni yangu. Yametoka vizuri. Nilipaswa kufurahi.

Eric ameuliza Maman Zawadi yuko wapi. Nikasema yuko kanisani. Uongo. Alikuwa nyumbani, amekaa kitandani na viatu miguuni, haendi popote. Eric alinitazama, akajua, akasema nimsalimie. Akapanda. Thierry alikuwa tayari amelala dirishani.

Basi lilipoondoka watu walipiga makofi. Kisha wakatawanyika. Vijana walikuwa wameacha benchi wazi, na hapo ndipo nikamwona mama mmoja akisogea kulikalia, mtoto mgongoni, mzigo wake umefungwa kwa shuka. Ni mtu wa ng'ambo, wa Kongo, nilimtambua kwa usemi wake. Naye alikuwa anangoja barabara. Jumatano alikuwa pale pale, nakumbuka kitenge chake cha njano. Nilimpita nikienda kununua chai ya baharia. Sote tulimpita.

Nimemnunulia chai na mkate. Ameshukuru sana, kupita kiasi. Safari hii sikujisikia vizuri hata kidogo.

Jumatatu, 11 Mei

Nimempa Zawadi salamu za Eric. Ameitikia kwa kichwa. Baadaye, akiwa anafunga mzigo wa sokoni, ameuliza kama yule mtoto alikunywa chai kabla ya kusafiri. Nikasema alikunywa.

Alhamisi, 14 Mei

Zawadi amehama. Amekwenda Gitambi kwa binamu yake, atalima naye, sambaza ameziacha kwanza. Deo amembebea godoro hadi kwenye gari, hajui aweke macho wapi. Ameomba msamaha kwa namna yake, kwa kufunga kamba mara mbili. Zawadi amemshika bega.

Mimi nimeandamana naye hadi kwa binamu. Njia nzima tumeongea habari za bei ya mbolea. Tulipofika, tumesimama uani, kuku wanapita katikati yetu.

"Hukukosa, Maman Aline," akaniambia. "Bale batoto balikuwa na lazima ya pa kulala. Lakini miye mu nyumba ile sipate tena usingizi."

Nikasema nimeelewa. Sina hakika. Nimemsaidia kupanga vyombo vyake rafuni, vikombe upande huu, sufuria upande ule, tukaachana.

Nimefika nyumbani kabla ya giza. Nimefagia chumba cha nyuma, nimefungua dirisha. Deo ameuliza kama tutafute mpangaji mwingine.

Nimesema bado.