Sabufa ya Kumsikia Baba

Jumatano, 2 Julai 2025
Mbeya baridi, vidole havishiki mausi. Nimefungua tena ule wimbo wa kwaya tuliorekodi kigangoni Ilula mwaka jana, Baba akiwa bado mzima, akiimba besi. Spika zangu za studio ni ndogo, sauti za chini zinapotea. Najua yumo. Simsikii. Misa ya kumaliza msiba ni tarehe 19, na kaka Kasian kashakodi maspika makubwa ili Mama amsikie mumewe mara moja tena. Yeye anaahidi, jasho ni langu.

Ijumaa, 4 Julai
Sokoni Mwanjelwa, asubuhi nzima. Ukisema sabufa unaletewa zile za sebuleni — taa za rangi, redio, rimoti. Gwakisa wa dukani kanisifia moja, eti inapiga mpaka moyo unahama. Sitaki moyo uhame. Nataka spika moja tu ya sauti za chini, isiyotia chumvi, nikaiunganishe na zangu mbili. Kaniuliza kama nataka na maiki.

Jumatatu, 7 Julai
Sabasaba. Nimeenda Uyole kwa Lusekelo, prodyuza mwenzangu, anauza vyombo vyake. Sabufa mbili: inchi kumi na mbili, inchi nane. Ile kubwa tamu, lakini chumba changu cha kupanga kingevuma kama pipa. Nimebeba ndogo. Kanionya nisiiweke kwenye kona, itavimbisha besi na kunidanganya. Niiweke kwanza juu ya kiti changu, nipige muziki, nitambae chumba kizima. Besi itakaposikika safi, hapo ndipo mahali pake. Nimetambaa. Mwanamke mzima! Jirani yangu Atuganile katoka nje na mtoto mgongoni, kadhani tetemeko. Nimecheka, mara ya kwanza tangu tumzike Baba mwezi wa tano.

Jumanne, 8 Julai
Bora nisingenunua.
Siku ile ya kurekodi umeme ulikatika, katekista akawasha jenereta nyuma ya kigango. Nikasema liko mbali, haliingii. Limeingia. Linanguruma mwanzo mpaka mwisho, kwenye sauti zilezile za chini alipo Baba. Nikilikata, Baba anaondoka nalo. Nikiliacha, jenereta ndilo linaloimba besi.

Alhamisi, 10 Julai
Nimempigia Lusekelo ule wimbo. Kasikiliza mara mbili, kasema pole dada. Basi.
Nimechoka. Kosa langu, na la kurekodi upya hakuna.

Jumapili, 13 Julai
Mama kaja bila taarifa, na ndoo ya nyanya. Kumbe Kasian alimrushia kwenye simu ule wimbo, nakala ya majaribio niliyompa yeye, anausikiliza kila asubuhi kabla ya kuwasha moto. Kaniwekea nisikie. Ilipofika kiitikio kanishika mkono — "Hapo, mwanangu. Sikia baba yako anavyoivuta."
Simu ile haitoi besi hata chembe. Anayeivuta pale ni Tadeo wa kwaya, teno, sauti ya juu ya wanaume, yuko hai, analima vitunguu. Mama machozi yanamtoka na anatabasamu.
Halafu kaiona sabufa. Kauliza kama hiyo ndiyo itamtoa Baba vizuri zaidi ya simu. Kavuta kiti changu, kakaa, kajifunga khanga upya kama anayesubiri mgeni. Nimekimbilia jikoni, nasingizia chai. Imeshachemka zamani. Ananiita nikawashe sabufa.