Salamu ya Mama Mkwe

Tunduma, Jumapili usiku

...na mimi nikacheka, nikidhani ni utani.

Mama mkwe, aliyefika jana kutoka Kasama, alikuwa ameniuliza kitu kwa Kibemba. Jirani yangu, Mama Tumaini, akanitafsiria taratibu: "Anauliza mbona humpendi, huongei naye."

Mwaka juzi mimi na Mama Tumaini tulianza wote kujifunza Kibemba, kila siku neno moja kutoka kwa wateja wetu wa vitenge. Mimi nikaacha mapema, nikisema neno moja halimfikishi mtu popote. Leo mwenzangu kapiga naye stori mchana kutwa. Mkwe wangu mwenyewe! Aibu niliyoona...

Jioni nimemwomba Mama Tumaini anifundishe salamu ya asubuhi.

"Mwashibukeni," akasema.

Nimekosea, akarudia, nikakosea tena. Naiogopa kesho, lakini nitamwamkia mama mkwe.