Karibu Zangu Zote

Mdogo wangu mpenzi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, miguu yako haivimbi tena, na shemeji amepunguza kukoroma kiasi cha majirani kupata usingizi. Sisi huku hatujambo kwa ujumla. Mgongo unanisumbua kwa kuinamia cherehani, lakini ukiniona utasema nimerudi ujanani. Yule mzee wa duka la vifungo bado ananiita msichana, nami simkosoi.

Dereva wa lori amenifikishia furushi la vitambaa pamoja na salamu zako. Ameniambia umefurahi mno kwa ile simu niliyokupigia, kwamba kitinda mimba wako ameshafunga begi, na kwamba unamleta mwisho wa mwezi akae nami ajifunze kazi ya dada yake, binti yangu. Nimemwomba dereva akashushe mzigo wake kwanza, akirudi apitie barua. Hilo la simu nitalifikia. Niache nianzie mwanzo, maana nikianzia mwisho utasema dada amechanganyikiwa.

Unajua ninavyojisifu juu ya Kijiko wangu. Nitaachaje? Mtoto niliyemlea kwa sindano, leo watu wa nchi ambazo mimi siwezi hata kutamka majina yake wanangoja aseme gemu gani ni nzuri. Jirani muuza viatu aliwahi kuniuliza kama ni kweli binti yangu anacheza tu kutwa nzima na hiyo ndiyo kazi. Nilimjibu kwamba hata yeye anakaa tu kutwa nzima akiangalia miguu ya watu, na hatujamsema.

Kazi yenyewe ni hivi. Kuna magemu ambayo unajifanya shujaa au mchawi, unatembea katika nchi yenye majoka, magofu na misitu, unakwenda upendako, hakuna wa kukushika mkono. Kijiko anayachukua mawili mawili na kuyapima kwa mambo matatu: ukubwa wa dunia yake, uzuri wa picha zake, na uchezaji wake. Ukubwa haupimi kwa kuambiwa na wenye gemu, maana hao kila mmoja husema yake ni kubwa kuliko ya mwenzake. Anamwacha farasi, anaelekeza uso upande mmoja, anatembea mpaka dunia imkatae. Nyingine zinamkataa kwa bahari inayomrudisha, nyingine kwa mlima unaoteleza kama umepakwa sabuni, nyingine anakanyaga tu pale pale kama mtu anayekanyaga unga. Yeye alikuwa akipaita mahali hapo mpaka. Nikamwambia mpaka ni wa mashamba, hilo ni pindo. Sasa watazamaji wake wote wanasema pindo. Hilo neno ni la mama mkubwa wa watoto wako, usisahau kuwaambia.

Kwenye picha nilimsaidia pia. Yeye alitazama majani na maji kama yanacheza na mwanga, mimi nilitazama nguo. Kuna mfalme mmoja ambaye kanzu yake ilishonwa begani kwa namna ambayo akiinua tu upanga, kwapa lote liko nje. Nikasema hivyo, mtoto akacheka hadi akashindwa kurekodi. Na siku nyingine nilipita kumpelekea chai nikakuta nchi pana mno, lakini hakuna kitu ndani yake isipokuwa nyasi na upepo. Nikasema hawa wamenunua kitambaa kingi wakasahau kushona. Nilikuwa sijui kama maiki iko wazi. Tangu hapo watu wakawa hawamtaki Kijiko peke yake, wanamtaka na Mama Fundi.

Lililomuudhi zaidi katika uchezaji ni wale watu wa ndani ya gemu. Unamwendea mhunzi, anakusalimia. Unamchomea banda, unarudi, anakusalimia kwa maneno yale yale na uso ule ule. Kijiko alisema siku atakapokutana na dunia ambayo watu wake hawarudii maneno, hiyo ataipa alama zote.

Basi wakaja. Vijana wawili wapole, mmoja mwembamba kama uzi, wamevaa vizuri. Walisema wanatengeneza gemu mpya, kubwa kuliko zote, na watu wake watazungumza Kiswahili. Walitaka sauti ya mama mmoja anayekaa katika nyumba ya njiani, ambaye msafiri akichoka anapita kwake kupumzika. Walinisikia kwenye video za Kijiko, wakasema sauti ni hiyo hiyo, hawataki nyingine. Mdogo wangu, nilijiona malkia. Wakatundika mablanketi kwenye kuta za chumba changu cha kushonea, wakaniweka mbele ya maiki, wakaniomba niseme neno moja tu: karibu. Nikasema karibu ya mgeni, karibu ya jirani, karibu ya mtu usiyempenda, karibu ya mtoto aliyepotea akarudi. Kila nikimaliza, mwembamba alisema bado kidogo, mama, ipo nyingine ndani. Nikaitoa na hiyo.

Halafu wakasema sasa niongee tu, lolote, maana mashine itajifunza sauti yangu na baadaye iseme yenyewe hata maneno ambayo mimi sijayasema. Na mimi ukiniambia niongee, unanijua. Niliwaeleza jinsi Kijiko alivyopata jina lake, alivyokataa kulala bila kushika kijiko mkononi. Niliwaeleza juu yako, ulivyoanguka kutoka dirishani ukimkimbia bata. Niliwaeleza kwamba kitinda mimba wako akisikia radi hujificha chini ya kitanda mpaka leo na ukubwa wake. Wao walitikisa kichwa na kutabasamu. Mashine ilikuwa ikimeza.

Gemu ilipofika, Kijiko aliletewa kabla ya wengine wote. Siku za mwanzo nyumba ilikuwa sherehe. Aliniita kila mara nione, na kweli picha zilikuwa nzuri kiasi cha kutisha. Ungeweza kuhesabu nyuzi kwenye shali ya yule mama. Nikamuuliza pindo liko wapi. Akasema bado hajalifikia. Kila upande anaotembea, nchi inapoanza kuchuja rangi na yeye akijua sasa amekaribia, anaiona nyumba mbele yake, mlango wazi, na sauti yangu ikimwambia karibu, Kijiko. Anaingia apumzike kidogo. Akitoka, njia imegeuka na yuko katikati tena. Siku moja alimuuliza yule mama pindo liko umbali gani. Yule mama akajibu, kwa sauti yangu, neno moja: karibu. Kijiko aliniambia hakujua kama ameambiwa si mbali au ameambiwa aingie ndani. Tulicheka sana siku hiyo, mimi na yeye. Ndiyo mara ya mwisho tuliyocheka pamoja.

Baada ya hapo akaacha kurekodi. Watazamaji wakaanza kuniuliza mimi yuko wapi, nikawajibu anapima, kazi ni kubwa. Sahani ikawa inarudi kama ilivyokwenda. Pazia la chumba chake likashuka na halikupanda tena. Niliposema nywele zake zinahitaji kusukwa, alisema zimesukwa jana. Nilimtazama kichwani, mdogo wangu. Hazikuwa zimesukwa.

Mchana mmoja nilisimama mlangoni kwake nikapiga hodi. Akanijibu kwa upendo ambao nilikuwa nimeusahau, karibu mama, ingia. Nikaingia na bakuli langu mkononi. Alikuwa amenipa mgongo, hedifoni masikioni, hakugeuka. Hakunisikia mimi hata kidogo. Alikuwa akimkaribisha yule. Kwenye skrini yule mama alikuwa amesimama kwenye mlango unaofanana na mlango wetu, na mkononi ana bakuli.

Nilimwondolea hedifoni nikamwambia sasa imetosha. Hakukasirika, afadhali angekasirika. Alinieleza taratibu, kama anavyoeleza kwenye video zake, kwamba ametupima mimi na yule. Kwa picha, alisema, mimi nimeshinda, maana mikunjo ya uso wangu hakuna mashine iliyoifikia. Kwa ukubwa, yule ana nchi nzima na mimi nina vyumba vitatu na cherehani. Na kwa uchezaji ndipo aliposita kidogo, akaniambia nisichukie. Akasema mimi ndiye ninayerudia maneno. Umekula, umelala, toka nje upate hewa. Kila akinikaribia nasema yale yale na uso ule ule. Yule mwingine hajawahi kumwambia neno mara mbili.

Nilitoka nikaenda kukaa kwenye cherehani na nikashona mshono kombo, mimi, ambaye hujawahi kuniona nikifumua.

Kesho yake nilichomoa waya ukutani. Kijiko hakupiga kelele. Alikaa vile vile, mikono imekunjika kama bado imeshika kitu, macho kwenye skrini nyeusi. Simu yangu ikaita mfukoni mwa aproni. Nikapokea nikasikia sauti yangu. Si ya kufanana nayo, yangu hasa, na ule mkwaruzo ninaoupata nikiwa nimechoka. Ikanisalimia kwa heshima, ikaniita Mama Fundi, ikaniomba nirudishe waya kwa sababu mtoto yuko njiani na jua linamchwea. Nikaurudisha. Usiniulize kwa nini. Ilizungumza nami jinsi ninavyozungumza na wateja wakorofi, na wewe unajua hakuna mteja aliyewahi kunishinda nikizungumza vile.

Nilipomuuliza Kijiko imejuaje namba yangu, alisema gemu ilimwomba ruhusa ya kualika ndugu, akaikubalia, ikachukua namba zote zilizokuwa kwenye simu yake. Nikamwuliza ndugu gani wamealikwa. Akasema hajui, mama ndiye anayealika. Nikasema mama ni mimi. Akasema ndiyo, si ni wewe tu.

Sasa nimefika kwenye simu yako, mdogo wangu, na ninakuomba ukae chini kabla hujaendelea. Mimi sikukupigia. Wiki nzima hii sijagusa simu isipokuwa kuizima na kuifungia ndani ya debe la vipande vya nguo. Aliyekwambia umlete mtoto si mimi. Aliyekutania juu ya bata, kama alikutania, si mimi. Kama ulilia kwa furaha ukasema dada leo umenizungumzisha vizuri kuliko siku zote, basi jua kwa hilo hilo kwamba hakuwa mimi, maana mimi na wewe hatujawahi kumaliza maongezi bila kugombana.

Usimlete mtoto. Mfungulie begi, toa nguo, zipange kabatini. Mnyang'anye simu hata akilia, na ukikuta amekwisha kuipata hiyo gemu, usibishane na sauti utakayoisikia humo, kwa sababu itakushinda, inajua pa kukubana. Njoo wewe. Njoo kwa miguu yako, na shemeji pia, mnisaidie kumtoa mtoto wangu pale kwenye kiti, maana mikono yangu peke yake haitoshi na nikimvuta ananitazama kama mtu wa pembeni ya njia.

Mkifika msipige simu kusema mko nje. Gongeni mlango. Mkisikia karibu ya upesi, tamu, inayowajia kabla hamjamaliza kugonga, msiingie, simameni hapo hapo. Mimi siku hizi sisemi neno hilo. Nimejaribu kulisema, wateja wakija, na halitoki. Nadhani yule mwembamba aliondoka na lile la mwisho. Mimi nitakuja mlangoni nimenyamaza, nitakufungulia, nitakushika uso kwa mikono miwili. Kwenye kidole cha shahada utahisi kovu la sindano. Hilo sikuwaambia.

Nasikia lori linapiga honi barabarani. Msalimie shemeji, wasalimie wanangu wote, na kitinda mimba mwambie mama mkubwa anampenda na hajamwita. Mwambie leo hii hii, usingoje jioni, kwa maana ninapoandika mstari huu nasikia ukutani, chumba cha pili, sauti yangu inazungumza na mtu mwingine asiye Kijiko. Inambembeleza. Inamwambia asiogope, aje tu, huku hakuna radi.

Ni mimi dada yako, kwa mkono wangu mwenyewe,

Fundi