Ouma Alipata Simu, Mimi Jembe

Baba,

Mvua imeanza hapa Ndhiwa na shamba lako bado ni tupu. Najua ungekasirika. Kasirika tu. Mimi nimekasirika tangu siku ile ulipotuita kando ya kitanda, mimi kifungua mimba wako na Ouma aliyenifuata, ukampa yeye simu, mimi ukanipa jembe.

Simu! Ile ndogo yenye laini ya Tanzania, ikilia unatoka nje. Ndani yake wamo wabebaji wako wote wa bangi, kutoka mpakani hadi Kendu Bay, na kila askari anayegeuza shingo gunia likipita. "Okoth, wewe ndio mkubwa, utafungua shamba," uliniambia. "Ouma atachunga watu." Nikasema ndiyo, Baba. Kisha nikaenda nyuma ya choo nikalia, na sikulia kwa sababu ulikuwa unakufa.

Sasa vijana wanamwita Ouma Mzee. Jina lako, Baba! Akiingia wanasimama. Mimi nikipita wananiuliza kama ng'ombe wamekunywa maji. Siku hizi anakohoa kabla ya kusema, kama wewe, na kifua hakimuumi hata kidogo. Wivu unanichoma, nikufiche wewe kwa nini?

Unakumbuka ulipompeleka mpakani mara ya kwanza? Ulimnunulia viatu. Nikaomba kwenda, ukacheka: "Wewe uso yako inasema kila kitu." Wiki nzima nilikaa mbele ya kioo cha Mama nikiufundisha uso wangu kunyamaza. Hukuuangalia tena.

Mama anasema ulinipenda zaidi, ndiyo maana ukaniweka mbali na jela. Huenda. Lakini nani aliniuliza kama nataka kupendwa hivyo?

Basi sikupanda. Na kwetu hakuna anayepanda kabla ya mkubwa, kwa hiyo boma zima limekaa likiniangalia. Jumapili baada ya kanisa Ouma alikuja. Yeye anayeogopwa mpakani kote alipiga magoti kwenye matope. "Owadwa, ndugu yangu, panda basi, hata laini moja. Mimi siwezi kukutangulia, hiyo ni chira." Laana hiyo anaiogopa kuliko polisi. Lakini nilijua kinachomkimbiza. Shamba la mbele, ulilonipa pamoja na jembe, ndilo linaloficha stoo yake. Mahindi yakisimama, wa barabarani haoni kitu. Bila mahindi, gari la polisi linaona mlango mpaka kufuli.

Mzee mjanja wewe! Kumbe ulitufunga pamoja, asiweze kitu bila mimi. Nilifurahi, Baba. Nilitaka hata kumwinua. Akainuka mwenyewe, akapangusa magoti, akakohoa, akasema kwa sauti yako, "Na ufanye haraka."

Kesho asubuhi nitapanda. Mama amechoka kununua chakula sokoni, na wewe nilikupa neno langu. Polisi sijawaambia kitu na sitawaambia, hukunilea hivyo. Ouma akiniuliza, uso wangu hautasema lolote. Siku hizi unajua kunyamaza.

Pumzika, Baba. Nakuahidi shamba lako nitalifungua kila mwaka, mpaka nikufuate huko.

Mwaka huu napanda maharagwe.

Mwanao mkubwa,
Okoth