Dada Aliyecheza Akiipa Tivii Mgongo

Dada yangu mpendwa,

Barua hii nimeianza mara tatu. Mara ya kwanza niliandika "Mheshimiwa Sista", nikacheka peke yangu hadi fundi mwenzangu wa cherehani ya jirani akaniuliza kulikoni. Mama siku hizi hakuiti kwa jina. Ukija likizo anakufutia kiti kwa khanga yake, mimi ananiambia nisogee. Lakini mimi nimelala na wewe kitanda kimoja kule Msanzi tangu nikiwa mdogo, nimekula mateke yako ya usingizini, kwa hiyo utaniwia radhi, nitakuita dada. Nasikia barua zenu huko utawani husomwa kwanza na mama mkuu. Sijui kama ni kweli. Kama ni kweli, shikamoo mama mkuu, endelea tu kusoma, sina cha kuficha tena.

Juzi nilikuwa nasubiri mteja aje kuchukua sketi, nikawa nacheza gemu kwenye simu. Ni gemu ya muziki, vigae vinashuka na wimbo, unavigusa kimoja kimoja kwa kidole, ukikosa kimoja wimbo unakatika. Nimeizoea, naicheza kila siku. Siku hiyo nilikosa kigae cha kwanza kabisa, kwa sababu nilikukumbuka wewe na ule mkeka wa mishale.

Unalikumbuka banda lile hapa Sumbawanga, nyuma ya soko? Jumamosi mama akishapanga maharage yake sokoni, tulikuwa tunamuaga kwamba tunakwenda kutazama viatu. Viatu gani, watu wenyewe hatuna hata shilingi. Tulikuwa tunakwenda kwa yule kaka wa Kasanga mwenye tivii na mkeka wa plastiki chini, una mishale minne, mbele, nyuma, kushoto na kulia. Wimbo ukipigwa, mishale inapanda kwenye tivii, nawe unakanyaga unaofanana nayo mguuni. Ukikosea sana, gemu inakukatia njiani. Wimbo wenyewe ulikuwa wa kigeni, hatukujua hata neno moja, lakini ngoma yake ilitukaa.

Na yule kaka alikuwa bahili kwelikweli. Wasiolipa aliwakalisha kwenye benchi chini ya tivii, wameipa mgongo, wanawatazama wachezaji. Ukigeuza shingo kidogo tu alikuwa anakusemesha: "We binti, geuka huko. Asiyelipa haangalii." Basi sisi tukaona miguu tu. Wiki hadi wiki, miguu ya watu. Mimi niliona miguu, kumbe wewe ulikuwa unasoma.

Uliporudi nyumbani ulichana mfuko wa mbolea, ukauchora mishale kwa mkaa, ukautandika uani kando ya kihenge. Mimi ukanipa debe. Ukanifundisha mapigo kwa mdomo, na nikikosea ulinitazama kama mwalimu mkali. Masika yote tulifanya vile, mvua ikinyesha tunahamia jikoni. Upepo wa kwetu unaujua, ulikuwa unaupeperusha ule mfuko, tukaubana kwa mawe kwenye pembe. Ulishika wimbo mzima, mguu kwa mguu, bila kuwahi kuuona kwenye tivii hata mara moja. Nilikuwa naamini hakuna mtu Rukwa nzima anayeweza kitu kile.

Halafu ikaja Jumamosi ile uliyopata hela ya raundi mbili kwa kuwavunia watu ulezi. Ukavua ndala, ukapanda mkekani, ukatazama tivii kwa mara ya kwanza kama mtu aliyelipa. Mimi nilikuwa benchini, nimeukodolea macho uso wako. Wimbo ukaanza, na kila ulipokanyaga kulia mshale ulikuwa unataka kushoto. Kila ulipokwenda mbele ulitakiwa nyuma. Hata nusu haikufika, gemu ikakata. Yule kaka alicheka akashika mbavu. "Dada, wewe unalima au unacheza?"

Nilitaka tuondoke. Wewe ulisimama pale, ukatazama mkeka, ukatazama benchi letu, kisha ukasema taratibu, "Kumbe sisi tulikuwa tumekaa upande huu." Ukageuka. Ukaipa tivii mgongo, ukatazama mlangoni, ukamwambia yule kaka aweke raundi ya pili.

Na ukaucheza wote. Kila mguu ulipotua, palikuwa ndipo. Yule kaka kicheko kilimwisha, akaniambia mimi, "Geuka uone, mdogo wangu, geuka uone." Ndiyo siku pekee niliyoruhusiwa kuitazama tivii bure, na sikuitazama. Nilikuwa natazama mgongo wako, sweta lako la shule lililochanika kwapani, na visigino vyako vilivyopasuka kwa baridi.

Mlangoni, mbele ya macho yako, alikuwa amesimama mama na kapu lake. Alikuwa anatutafuta. Ulimwona, tena ulimwona mapema, lakini hukusimama mpaka wimbo ukaisha. Mimi nilijua leo tumekwisha. Mama akauliza tu, "Umemaliza?" Ukasema ndiyo, mama. "Haya, vaa ndala twende." Tulipokuwa tunashuka garini Msanzi alikuuliza kwa Kifipa hiyo ngoma ni ya wapi, ukamjibu hujui.

Dada, sasa niseme lililonifanya niandike. Siku uliyoondoka kwenda utawani, mimi uliniambia mwisho. Baba alijua kabla hajafariki, mama alijua, paroko alijua, mimi nikaambiwa jana yake huku unakunja nguo. Nilikasirika, sikukusindikiza hata hadi barabarani. Na ulipoweka nadhiri za kwanza sikuwa na malaria kama nilivyowaambia. Nilikuwa mzima kama wewe. Nilijifunika blanketi, mama akaenda peke yake, na alipotoka tu niliamka nikala ugali na maharage. Nimekaa na uongo huo miaka yote hii, na kila ukinitumia salamu za pole kwa afya yangu roho inaniuma.

Nilikuwa na wivu. Wengine huwaonea wivu mashemeji, mimi namwonea wivu Mungu, na kwa Mungu huwezi kwenda kugomba. Nimejaribu kucheza na wengine. Watoto wa jirani nimewapa debe, hawalijui. Hii ya kwenye simu inanipa pointi nyingi na kunipongeza kwa maandishi, halafu nainua macho nataka kumwonyesha mtu, simwoni.

Mama aliporudi siku ile ya nadhiri nilimuuliza kwa ukaidi, alikuwaje? Akasema, "Alikuwa na uso ule wa siku ile kule kwenye gemu. Kaniona, lakini hakusimama." Waswahili wanasema ukipenda boga, upende na ua lake. Mimi nilitaka boga peke yake.

Sasa umeandika kwamba baada ya mavuno unaweka nadhiri za daima. Umeandika kwamba miguu ya mama haimudu tena, na kwa kuwa baba hayupo, unaomba mimi ndiye nikupeleke mbele na kukukabidhi. Barua yako nimekaa nayo wiki tatu ndani ya droo ya cherehani. Si kwamba sikuwa na nafasi ya kujibu.

Nitakuja. Gauni nimeshakata, la bluu. Jumapili nilimwendea katekista nikamuuliza ndugu anafanya nini siku hiyo, akanieleza hatua kwa hatua. Nitakupokea mlangoni, nitakushika mkono tutembee hadi kwenye ngazi za altare, pale mama mkuu atanyoosha mkono wake, nami nitampa wa kwako. Amesema ni jambo dogo, halichukui hata dakika. Yeye hana dada.

Kwa hiyo nakuomba kitu kimoja. Mama mkuu akishanyoosha mkono, na ukaona mimi bado nimekushika, usinivute. Wala usinong'one kitu. Niache kidogo, nitakuachia mwenyewe.

Wako, wa kitanda kimoja,
Mdogo wako