Mchana Tuliofunga Madirisha

Baba Mwende wangu,

Hujambo huko kwenye baridi? Mimi Makongeni nimenona. Mwende anaandika haya nikimtolea kwa mdomo, na nimemkataza kupunguza hata neno.

Jana, katika ukumbi wa mtaa, aliwasomea watoto wa wafanyakazi wa reli kitabu chake cha kwanza cha hadithi. Tangu asubuhi alikuwa akisema watoto wakikichoka hataandika tena. Mimi nilikuwa na shida nyingine: saa nane, jua kali, nani hutoa hadithi? Unajua wazee walivyosema, hadithi ikitolewa mchana ng'ombe hupotea. Nikawaambia hivyo hivyo. Kasichana kamoja kakanijibu kama nyanya yake, "Shosho, sisi tuna treni tu!"

"Basi zitapotea treni, na baba yako akose kazi," nikakaambia, nikafunga madirisha yote ya ukumbi. Giza totoro.

Mwende akalalamika, "Mama, sasa sioni kitabu!"

"Kwani ulipokuwa mdogo mimi nilikusomea kwa kitabu?"

Akakifunga kitabu. Kisha akaanza kusimulia kwa mdomo, fisi wa hadithi yake akacheka, na watoto wakasogea mpaka wakamkalia miguu. Alipomaliza nikafungua madirisha. Wakamnyang'anya kitabu ili wamwone huyo fisi! Kale kasichana kakamvuta sketi: "Anti, kingine unaandika lini?"

Mwende alishikwa na machozi, basi nikajibu mimi: "Jumatatu anaanza."

Kula vizuri, mzee wangu, na ujifunike usiku. Nimekukumbuka, hata ubishi wako.

Mama Mwende