Aya Moja kwa Kila Lalamiko

Mshauri mpendwa, nisaidie, maana nimekuwa kichekesho nyumbani kwangu mwenyewe. Mimi ni msemaji wa halmashauri, cheo kikubwa kazi ndogo, nina aya moja kwenye kompyuta isemayo "hizi ni nadharia za njama za wasiopenda maendeleo", na kila mwananchi akilalamika naibandika, nabadilisha tarehe, nakwenda kunywa chai. Mwezi uliopita ikaja barua kwamba jengo jipya la darasa la tatu lina ufa ukutani, na mkaguzi aliyelipitisha ni shemeji wa mwenyekiti wetu na hakuwahi kufika, nami nikabandika bila kutazama jina, kumbe mwandishi ni mama mkwe wangu, mwalimu wa darasa hilo, tunayeishi naye, na tangu hapo nikisema chumvi imezidi ananijibu kwa upole, "Hizo ni nadharia za njama, baba," mke wangu anacheka mpaka anashika meza, na juzi nilipouliza nani kachukua taulo langu wakanijibu wote kwa pamoja. Nikafungua jalada nimkomeshe, nikakuta fomu ya ukaguzi ilisainiwa wiki mbili kabla msingi haujachimbwa. Nikalifunga. Binti yetu, anayesoma darasa hilo hilo, nikamhamishia mkondo mwingine, nikasema kule kuna hewa nzuri, na siku hiyo mama mkwe alinitazama tu, hakutania. Nifanyeje aache kunicheka?

Msemaji Aliyekosa la Kusema

Msemaji, pole, ila pole yangu ni ya taulo tu. Nilicheka mpaka nilipofika kwa binti yako.

Mama mkwe wako aliuliza jambo lenye jibu: mkaguzi alifika au hakufika? Aya yako haijibu. Inasema tu kwamba anayeuliza ni mtu mbaya, ndiyo maana inafaa kwa kila barua, na hata kwa chumvi.

Acha kumsingizia mama mkwe. Unamwogopa mwenyekiti, na hofu hiyo naielewa, kazi haziokotwi. Lakini toa nakala ya fomu, mkabidhi mwalimu mkuu mkononi, darasa lifungwe mpaka mhandisi mwingine alikague. Kisha mjibu mama mkwe wako upya, kwa jina lako. Ofisini wakikuita mzushi, usishangae, maneno ni yako. Utani wa nyumbani uvumilie, umeutafuta mwenyewe.

Na fanya hima, kesho ufike shuleni kabla ya saa mbili. Saa mbili mama mkwe wako husimama kando ya ukuta ule akiita majina ya watoto, na la binti yako halimo tena.